Garimoshi Ndani ya Nyumba ya Futi Kumi kwa Kumi

Ninyi wa Kibera mnaosikia honi ya treni kabla ya ibada ya kwanza, leo naanza nanyi. Wa Kawangware, msiende mbali.

Tuna kijana kanisani, fundi wa mabati. Alienda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, akasimama mbele ya Mount Gelai, namba 5918, lile garimoshi la Garratt lililoundwa Manchester miaka ya 1950. Lina urefu wa karibu mita 32. Akarudi nyumbani hasikii la mtu: ataliunda kwa bati, liendeshwe na mota ya waipa.

Mama yake akanijia. "Pasta, mwambie aache. Tutalala wapi?" Nikashika Luka 14:28, nikaenda kumhesabia gharama. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nawaambia.

Kumbe ameshahesabu kuniliko. Akanieleza kwamba wanaounda treni za mfano huko Ulaya wana vipimo vyao. Kile kilichozoeleka hugawanya kila kitu kwa 87, na Mount Gelai inabaki sentimita 36. Waiweka juu ya kabati. Kile kikubwa hugawanya kwa 22.5, juu ya reli zilizoachana milimita 45, na kinaifaa sana reli ya mita moja kama hii yetu iliyofika Nairobi mwaka 1899. Hapo injini peke yake ni mita 1.4. Urefu umeongezeka karibu mara nne, lakini sakafu inayoliwa ni mara kumi na tano, kwa kuwa upana nao umekua. Bati pia mara kumi na tano. Bado hujaweka kona: ile ya kubana kabisa hufanya duara la mita 1.2, na hiyo ni ya injini fupi.

Unaijua nyumba ya futi kumi kwa kumi. Kitanda, jiko, ndoo za maji, na dada zake wawili wanaotandika chini.

Nikamwambia aunde ile ndogo. Akanionyesha mkasi wake wa bati. "Pasta, ndogo inataka vifaa. Kubwa inataka nafasi. Mimi sina vyote viwili."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekuja kukagua shilingi zake, na kwa shilingi hakuwa na shida. Bati ni mabaki ya karakana. Alichokuwa anatumia ni mahali wanapolala dada zake, na hilo mama yake alilisema mwanzo kabisa, mimi nikasikia pesa. Ninyi mliobomolewa nyumba kando ya reli mnajua nusu mita ya sakafu ni nini.

Kilichotuokoa ni Garratt yenyewe. Ni pande tatu: boila katikati, na mbele na nyuma fremu mbili za magurudumu, zimeshikana kwa viungo ili ipinde kona. Basi inaweza kulazwa vipande. Mama amekubali viwili chini ya kitanda, si vitatu. Duara tumelisahau. Reli itanyooka kati ya viti vya kanisa, itandikwe Jumamosi mchana na kuondolewa kabla ya maombi ya jioni.

Kipande cha tatu, kile cha mbele chenye tangi la maji, kiko nyuma ya spika. Mnaofagia, tafadhali msikikanyage. Mzee mmoja wa kanisa ameniuliza kama hiki kitu kiko kwenye bajeti. Bado sijamjibu.