Wembe Mmoja, Mtu Mmoja: Nasaha kwa Wanaoanza Kunyoa



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi, tumeombwa tuandike machache kwa ajili ya vijana wetu wanaoingia katika baleghe. Tumechagua jambo ambalo wengi huona haya kuliuliza, nalo ni namna ya kunyoa kwa wembe bila kujikata.

Mmesoma katika fiqhi kwamba kupunguza masharubu na kuondoa nywele za kwapa na za kinena ni katika mambo ya fitra, na kwamba haifai kuziacha zaidi ya siku arubaini. Mmesoma pia habari ya kunyoa kichwa kwa mwenye kuhiji. Ama kuhusu ndevu, hukumu yake mmeisikia darasani na haturudii hapa. Lakini vitabu hivyo havimwelezi kijana jinsi ya kushika wembe, na wengi hujifunza kwa kuwachungulia kaka zao.

Sisi tulibahatika kuwa na ami aliyetufundisha. Alikuwa na mashine ya kunyolea ya chuma, ile inayofunguliwa kwa kuzungusha mpini na kutiwa wembe wa makali mawili. Akimaliza kuoga hukaa uani na kioo na beseni la maji, akatuita tumtazame. Alikuwa akisema, "Wembe unakata kwa sababu ni mkali, haukati kwa sababu ya nguvu zako. Nguvu kaziweke kwenye jembe."

Mashine ya namna hiyo ililetwa sokoni na King Camp Gillette wa Marekani mwaka 1903, na mwaka huo ziliuzuliwa mashine 51 tu. Kabla ya hapo watu walitumia wembe mrefu wa kukunja, unaonolewa kwenye ngozi kila mara. Faida ya mashine ni kuwa makali hutokeza kidogo tu pembeni mwa chuma. Hata hivyo, asiyejua kuitumia atajikata vilevile.

Jambo la kwanza ni maji. Nywele kavu ni ngumu, na zikilowa hulainika, basi noa baada ya kuoga, au uloweshe mahali hapo kwa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili tatu. Kisha paka povu zito la sabuni. Usipitishe wembe pakavu hata mara moja.

Pili, tia wembe kwa kuushika kwenye ncha zake fupi, si kwenye makali, na ukaze mpini vizuri. Tatu, papasa nywele kwa vidole ujue zinalala upande gani. Za shavuni aghalabu huelekea chini, lakini za shingoni kwa wengi huelekea pembeni au juu. Fuata zinakolala.

Nne, weka kichwa cha mashine kwenye ngozi, mpini ukiwa umenyooka kuelekea nje, kisha uteremshe mpini polepole mpaka uone makali yanagusa nywele. Hapo ndipo pembe yake, kiasi cha nyuzi 30. Nyoosha ngozi kwa mkono wa pili, kisha vuta kidogo kidogo, kwa urefu wa kiungo cha kidole, na usigandamize, kwani uzito wa chuma chenyewe unatosha. Usiiteleze mashine kwa ubavu kamwe, maana hivyo ndivyo kisu kinavyokata nyama. Suuza wembe kila baada ya mivuto miwili mitatu. Ukitaka kurudia, paka povu upya.

Tano, wenye nywele za kipilipili kama zetu wasitafute ulaini wa yai. Nywele iliyokatwa chini mno hujikunja ikarudi ndani ya ngozi, na ndiyo asili ya vile vipele vya shingoni. Ukimaliza, osha kwa maji baridi na upitishe kipande cha shabu kilicholoweshwa. Shabu hukaza ngozi na kuzuia damu ya mchubuko mdogo.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tushike kalamu. Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa tulipita bwenini tukakuta vijana wanne wamejipanga mbele ya kioo kimoja, na wembe ni mmoja. Wa kwanza alikuwa amejikata kidevuni, damu inamtoka, na wa pili ameshaupokea anausuuza kwa maji ya kopo. Tulipouliza, wakajibu kwa adabu, "Maalim, sisi ni ndugu, tunasaidiana."

Ndugu wanafunzi, kusaidiana ni kwema, lakini si katika wembe. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu. Vile vya homa ya ini huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikikauka na isionekane kwa macho. Kusuuza kwa maji hakuviondoi. Aliyeambukizwa anaweza kukaa miaka asijue, kisha ini likaharibika. Wembe ni kitu cha bei ndogo kabisa dukani, na hakuna udugu unaovunjika kwa kumwambia mwenzio, "Huu ni wangu, kanunue wako." Mkinyoana vichwa, kila kichwa na wembe wake mpya, na kwa kinyozi vivyo hivyo.

Aidha, wembe uliochoka huvuta nywele na kuchubua, basi ubadilishe baada ya kunyoa mara nne au tano. Usiutupe jaani wala chooni, maana wapo watoto na wapo wanaozoa taka. Toboa mfuniko wa kopo la maziwa, utumbukize humo. Bwenini kopo hilo sasa lipo karibu na mlango wa bafu, na tunaomba litumike.

Mwenye swali asione haya, aje kutuona baada ya sala ya Alasiri. Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe usafi wa mwili na wa moyo, na atukinge na maradhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.