Mfululizo Unahitaji Barabara: Tafakuri ya Msomaji wa Vibonzo kutoka Kaikor

Katika kumbi zetu za mihadhara hadithi za vibonzo hutajwa kwa nadra, na zinapotajwa aghalabu huwekwa pembezoni, pamoja na maandishi ya kwenye matatu na mabango ya matangazo. Sikusudii kuufufua hapa ule mjadala wa iwapo vibonzo ni fasihi au si fasihi. Maandishi yenye wahusika, msuko, usemi na dhamira yamekwisha kujitetea yenyewe. Ninalokusudia ni kuzipitia baadhi ya hadithi hizo, zile za mfululizo na zile zinazokamilika katika kitabu kimoja, na kuuliza swali moja: hadithi humfikiaje msomaji wake, na safari hiyo huifanya nini fani yenyewe?

Swali hili halikunijia maktabani. Nilizaliwa na kulelewa Kaikor, Turkana Kaskazini, katika nchi ya wafugaji inayoelekea mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia. Mji wa Lodwar uko mbali kusini mwetu. Nilipokuwa mtoto, bidhaa zilitujia kwa lori, na mvua iliponyesha na laga kujaa maji, hata lori lilisubiri. Gazeti lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kuchakaa kwa siku, na mara nyingi halikuja kama gazeti bali kama karatasi ya kufungia sukari. Sisi watoto tulisoma kile tulichofungiwa. Tena tulikisoma kwa lugha ambayo haikuwa ya nyumbani, kwani nyumbani tulizungumza Kiturkana, nacho Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha dukani. Picha ndiyo iliyotushika mkono hadi tukalifikia neno.

Tuanze basi na mfululizo. Nchini Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na mhusika huyo akawa maarufu kiasi cha jina lake kuingia katika mazungumzo ya watu. Baadaye likaja jarida la Sani, ambalo jina lake limeundwa kutokana na majina ya waasisi wake, Saidi na Nico. Humo wasomaji walikutana na akina Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili, wahusika wanaohusishwa na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka wa 1986 akiwa angali kijana. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, na wasomaji wa Taifa Leo wakamzoea kama jirani. Jina la mhusika huyo pekee lastahili tahakiki: juha ni mpumbavu, ilhali kalulu, katika lugha kama Kichewa, ni sungura, yule mjanja wa ngano. Mpumbavu na mjanja wamefungwa ndani ya jina moja.

Upande wa Kiingereza, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe jijini Nairobi mwaka wa 1973, nalo likadumu hadi 1979 likimcheka na kumliwaza mwananchi wa kawaida wa mjini. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa nyumbani kwake hadi kifo chake mwaka wa 2012, alibuni Akokhan, hadithi ndefu ya wenye nguvu za miujiza iliyochapishwa kwa vipande. Mwaka wa 2010 likaanza Shujaaz, jarida la bure lililosambazwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule bila kupata kazi, naye huendesha redio kwa siri akiwa chumbani mwake. Lugha yake ni Sheng, na mafunzo yake ni ya riziki, kama vile kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue.

Mfululizo wa Akokhan au Shujaaz huishi kwa taharuki. Msanii hukata kisa mahali ambapo moyo wa msomaji umepanda, kisha humwahidi kwamba yatakayofuata yatafuata. Ahadi hiyo hutolewa na msanii, lakini hutimizwa na watu wengine kabisa: mpiga chapa, dereva, mwenye duka, na barabara. Anayeishi karibu na kibanda cha magazeti haioni barabara hiyo, kwa sababu kila toleo humkuta. Kwetu ilionekana waziwazi. Tulipata toleo moja, tukakosa mawili yaliyolifuata, kisha tukapata jingine lililochanwa ukurasa wa mwisho. Jarida lililokuwa mfululizo Nairobi lilifika Kaikor likiwa vipande. Kwa kauli nyingine, utanzu ulibadilika njiani.

Hadithi za kitabu kimoja zina historia yake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Terry Hirst alishiriki kuzindua Pichadithi, vitabu vyembamba vilivyogeuza ngano na visasili vya jamii za Kenya kuwa picha. Jina ni la Kiswahili, picha na hadithi zikiwa zimeunganishwa, ingawa nakala nilizowahi kushika ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka wa 1996 shirika la uchapishaji la Sasa Sema lilitoa Abunuwasi, kitabu cha Kiswahili kilichochorwa na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mchoraji Mtanzania aliyejipatia sifa kubwa Nairobi kwa vibonzo vyake vya kisiasa. Abunuwasi wa masimulizi ya pwani, ambaye asili ya jina lake ni mshairi wa Baghdad, akapata sura na mavazi, na visa vyake vikaanza na kuisha ndani ya majalada yale yale.

Kitabu hicho ndicho kilichonifanya niione tofauti ninayoizungumzia. Mwaka wa 2011 ukame uliikumba Turkana vikali. Rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja darasa la saba alitolewa shuleni ili afuatane na mifugo michache iliyosalia katika adakar, yaani lile kundi la familia zinazohama na kulisha pamoja. Kabla ya kuondoka aliniuliza Boyie aliishia wapi, maana tulikuwa na toleo moja la Shujaaz lililoachia njiani. Sikuwa na jibu, wala hapakuwa na mtu Kaikor aliyekuwa nalo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alimpa nakala yake ya Abunuwasi, naye akaitia katika mfuko wa ngozi pamoja na vitu vyake vingine.

Mvua zilipokuja mwishoni mwa mwaka huo, alipita Kaikor siku mbili. Kitabu kilikuwa kimepoteza jalada na kingo zake zilikuwa nyeusi kwa moshi. Hata hivyo, alikuwa amekisimulia kwa Kiturkana kwa vijana wenzake malishoni, usiku baada ya usiku, na katika usimulizi huo Abunuwasi alikuwa amepata ngamia na mbuzi wengi ambao mchoraji hakuwachora. Kwa istilahi zetu, alikuwa amekuwa fanani, na maandishi yalikuwa yamerudi kuwa fasihi simulizi. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu alikuwa na mwisho wa kila kisa mkononi. Fanani hawezi kuiambia hadhira inayoota moto kwamba sehemu ya pili bado iko Lodwar. Rafiki yangu hakurudi darasani. Kwa kadiri nijuavyo, hicho ndicho kitabu cha mwisho cha Kiswahili alichokisoma chote.

Huenda mhakiki akauliza: je, nasema kwamba mfululizo hauna thamani kwa msomaji wa mbali? La hasha. Zipo aina mbili za mfululizo, na hapa nadharia yetu inahitaji kurekebishwa kidogo. Tumefundishwa kumtukuza mhusika duara, anayebadilika na kukua, na kumdharau mhusika bapa, abakiaye vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mtazame Lodi Lofa. Jina lake limekwisha kumweleza kabla hajatenda lolote, kwa hiyo msomaji anayemkuta katika karatasi ya kufungia chumvi humjua papo hapo, bila kuhitaji toleo lililotangulia. Ubapa wake ni mlango ulioachwa wazi kwa mgeni. Boyie, kwa upande wake, ana maisha yanayosonga mbele, nasi tuliomkuta katikati ya safari tulibaki kuyakisia. Sifa tuliyoihesabu kuwa udhaifu wa kisanaa ndiyo iliyomwezesha mhusika kusafiri.

Kuna watakaosema kwamba simu zimekwisha kuufuta umbali huo. Ni kweli kwamba vibonzo vingi sasa husomwa simuni. Hata hivyo, simu huhitaji mtandao, bando na mahali pa kuitia chaji, na mtoto asiyekuwa na simu humtegemea mwenye nayo. Barabara imebadilika sura tu, na ahadi ya msanii bado hupitia mikononi mwa watu asiowajua.

Kutokana na hayo nina mapendekezo mawili kwa wanachama wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, tukihakiki vibonzo, tusiishie kwenye picha na usemi. Tuchunguze pia kasi ya uchapishaji, njia ya usambazaji na hali ya nakala iliyomfikia msomaji, kwa maana hayo yote huingia katika maana ya matini. Pili, chama chetu kianze kukusanya nakala. Maandishi haya hufungia sukari, huwasha moto na kuliwa na mbuzi, na kila nakala inayopotea huliacha pengo katika historia ya fasihi yetu ambalo hakuna tasnifu itakayoliziba. Kabati moja katika ofisi ya chama latosha kuanzia.

Nao wenzetu wenye kipawa cha kuchora na kuandika, wanaotamani kusomwa Kaikor, Lokitaung na pembezoni mwa Kakuma, nawasihi wamalize kisa chao ndani ya majalada mawili. Msomaji wetu yuko tayari kuhama na kitabu kimoja; wasimwachie nusu ya hadithi.