Sehemu ya 4: "Sista, huyu ameanguka"

Mama, leo sikuletei habari za homa wala chanjo. Leo nakuambia kosa langu mwenyewe, kwa sababu linaweza kumgusa mwanao.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa shifti ya usiku kasualti, askari wawili waliniletea kijana wa kidato cha tatu. Kichwa kimepasuka nyuma, mikono imevimba. Mmoja akaniambia, "Sista, huyu ameanguka akikimbia." Kijana kimya, macho kwenye sakafu. Foleni ilikuwa ndefu, na tuseme ukweli, niliogopa. Nikaandika kwenye faili: ameanguka.

Na nilijua. Anayeanguka mbele mara nyingi huchubuka viganja na magoti. Viganja vya huyu vilikuwa safi. Uvimbe ulikuwa upande wa nje wa mkono, kwenye ule mfupa unaoelekea kidole kidogo, pale mtu anapopigwa akijikinga kichwa.

Baada ya wiki mbili mamake akaja na simu. Jirani alikuwa amerekodi kutoka dirishani. Sekunde chache tu: kijana ameketi chini, mikono juu ya kichwa, rungu linashuka. Mama alipeleka video hiyo kulalamika, akaulizwa mbona faili ya hospitali inasema ameanguka. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Sista, haya maandishi ni yako?"

Sikuwa na jibu ila pole. Nilimweleza daktari, tukaongeza maelezo yenye tarehe ya siku hiyo, bila kufuta ya kwanza. Lakini neno langu la usiku ule lilikuwa limeshatangulia. Lalamiko la yule mama halikufika popote.

Nilimkumbuka sana Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu, alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, ilisema kamera za kituo zilichezewa. Mwili ndio ulisema: madaktari waliofanya upasuaji wa maiti walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengine yasiyolingana na mtu kujigonga.

Tarehe 17 mwezi huo huo, watu wakiandamana kudai haki yake, Boniface Kariuki, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akiuza barakoa, alipigwa risasi kichwani kwa karibu, kamera zikiona. Alilazwa Kenyatta, akafariki mwisho wa mwezi. Julai, afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Kushtakiwa si kuhukumiwa, lakini hapo hakuna aliyeweza kusema kijana alianguka.

Video inaonyesha nani alipiga. Maandishi ya hospitali yanaonyesha kipigo kilifanya nini mwilini. Ukikosa kimoja, kuna mtu atapata upenyo.

Kwa hivyo yakikufika, Mungu apishe mbali, fanya hivi:

1. Hospitali kwanza, siku hiyo hiyo. Damu ikitoka, weka simu chini, bana kidonda.

2. Sema kwa mdomo wako: amepigwa, na nani, kwa kitu gani. Uliza imeandikwaje. Ikiwa imeandikwa vingine, omba maelezo yako yaongezwe kabla hujatoka. Tunza karatasi za matibabu ya kwanza, kwa sababu daktari atazitegemea akijaza P3.

3. Piga picha majeraha leo, kesho na kesho kutwa. Weusi wa kipigo mara nyingi huonekana baadaye.

4. Video usiikate, usiiwekee muziki. Ile ya kutumiwa WhatsApp hupungua ubora, kwa hivyo iache kwenye simu iliyorekodi na uweke nakala kwingine. Kortini wataulizia ilirekodiwa na simu gani, na nani.

5. Ripoti, uchukue namba ya OB. Ukiogopa kituo hicho, nenda kingine, au nenda IPOA moja kwa moja. Wana ofisi hata Mombasa na Kisumu, na kulalamika hakulipiwi.

Na wewe jirani uliye dirishani, rekodi ukiwa mahali salama, kisha mtafute mama wa huyo mtoto. Ukiipeleka mtandaoni tu, yeye anaweza kukosa shahidi.

Mimi siku hizi naandika hivi: "Askari aliyemleta anasema ameanguka. Mgonjwa anasema amepigwa rungu. Nimeona hiki na hiki, mahali hapa." Haichukui hata dakika moja zaidi. Usiku ule niliikosa hiyo dakika.

Mkono wa yule kijana ulipona. Mamake bado tunakutana sokoni, tunasalimiana vizuri, na kila mara mimi ndiye naangalia chini kwanza.

Mama, ukija kasualti ukanikuta nimechoka, usinionee haya. Niulize: "Sista, umeandika nini?"

Sehemu ya 5 tunarudi kwa mambo ya kuharisha. Hii mtumie mama mwenye kijana nyumbani.