Stelingi Akizeeka

Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1980 tulilelewa na kanuni moja isiyoandikwa katika kitabu chochote: stelingi hafi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo picha tulizifuata katika majumba ya sinema. Tulikaa viti vya mbele, vile vya bei nafuu, tukiamini kwamba hata risasi zikinyesha kama mvua, stelingi atatokea upande wa pili akijipangusa vumbi. Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, ilitutia simanzi kubwa kwa kuwa Amitabh Bachchan alikata roho mbele ya macho yetu. Wako wenzetu waliotoka nje wakinung'unika kwamba wamedhulumiwa kiingilio chao.

Lakini kanuni ile haikutaja uzee. Stelingi hafi, haya, je, akizeeka? Swali hili limetukaa moyoni tangu mwaka jana, tulipoombwa kazi ambayo tutaieleza hapo mbele, na ndilo lililoturudisha kuzitazama upya picha za zamani pamoja na zile zilizokuja kuziendeleza baada ya miaka mingi.

Siku hizi miendelezo ya namna hiyo imekuwa mingi. Mwaka 2022 ilitoka Top Gun: Maverick, miaka 36 baada ya picha ya kwanza. Mwaka 2023 Wahindi wakatoa Gadar 2, baada ya miaka 22, na mwaka uliofuata ikaja Gladiator II, baada ya miaka 24. Hatusemi kwamba zote ni mbaya. Twasema tu kwamba mwenye fedha huipenda picha ya zamani kama mfanyabiashara apendavyo kununua duka ambalo tayari lina wateja wake. Na kwa kuwa wateja wamekuja kutafuta ujana wao, aghalabu huuziwa ujana huo huo, umepakwa rangi mpya.

Picha moja ya Marekani ilikataa biashara hiyo, ingawa si kwa ukamilifu. Mwaka 1961 Robert Rossen alitengeneza The Hustler, picha isiyo ya rangi, ambamo Paul Newman ni Eddie Felson, kijana hodari wa mchezo wa pul, ule wa meza ya kitambaa cha kijani. Eddie anaishi kwa kucheza kamari. Mwisho anamshinda bingwa aliyekuwa akimtamani, lakini mwanamke aliyempenda amekwisha kujiua, na mwenye fedha aliyekuwa akimdhamini anampiga marufuku asikanyage tena katika kumbi kubwa za mchezo huo. Anatoka mlangoni, na picha imekwisha.

Miaka 25 ikapita. Mwaka 1986 Martin Scorsese akatoa The Color of Money, Newman akiwa na umri wa miaka 61. Eddie sasa anauza pombe kali, amenenepa mfuko, wala hachezi. Anamwona kijana mmoja, Tom Cruise, mwenye mkono mwepesi na kichwa kigumu, akamfanya mtaji wake. Yaani Eddie amegeuka kuwa yule yule mdhamini aliyemharibia ujana! Kisha anapojaribu kurudi mezani mwenyewe, anatapeliwa na kijana mwingine, tena kwa hila zile zile alizokuwa akiwafanyia wengine. Baada ya hapo tunamwona akipimwa miwani. Tunakiri kwamba tulipoitazama sehemu hiyo mara ya kwanza, tukiwa vijana, tulicheka. Stelingi na miwani wapi na wapi? Tulipoirudia mwaka jana, miwani yetu ilikuwa usoni. Picha yenyewe, kwa jumla, haiifikii ile ya kwanza, na mwisho wake umelegea. Lakini Newman alipewa Tuzo ya Oscar kwa mhusika yule yule aliyemkosesha tuzo hiyo alipomwigiza mara ya kwanza.

Mfano wa pili ni wa Ufaransa. Claude Lelouch alitengeneza Un homme et une femme mwaka 1966: mwendesha magari ya mashindano, Jean-Louis Trintignant, na mjane, Anouk Aimée, wanakutana kwa sababu watoto wao wanasoma shule moja ya bweni. Mwendelezo wa mwaka 1986 umejaa mambo mengi mno, nasi hatutaushughulikia. Wa mwaka 2019 ndio uliotunyamazisha. Mwanamume yu katika nyumba ya wazee, kumbukumbu zinamtoroka. Mwanawe anamtafuta mwanamke yule, naye anakuja, anaketi karibu. Mzee hamtambui. Anaanza kumsimulia habari za mwanamke aliyempenda zamani, na huyo anasikiliza habari zake mwenyewe. Vipande vya picha ya 1966 vinapita katikati, sura zile zile bila kunyanzi. Trintignant alifariki mwaka 2022, na Aimée mwaka 2024.

Sasa tueleze kazi tuliyoombwa. Katika mwaka 1993 tulitunga ngonjera juu ya binti aliyeondoka kijijini kwenda kusomea uuguzi, na wanafunzi wa shule kadhaa waliighani katika sherehe. Mwaka jana ofisi moja ilitutaka tuiendeleze, kwa sharti kwamba binti awe yule yule, na ari ile ile, kwani ndivyo anavyopendwa. Tuliuliza kama bado ana miaka 18. Tukajibiwa kwamba hilo halina haja ya kutajwa.

Tumeanza bila kulitimiza sharti hilo, na huenda kazi ikarudishwa. Binti ana mvi. Ameshuka katika basi jioni, kituo kile kile alichoagwa kwa vigelegele, na mtoto mwenye karai la maandazi anamwuliza anamtafuta nani. Tumefika ubeti wa nne. Jibu lake, ambalo ni ubeti wa tano, bado halijatujia.