Kioo Kilichokata Maneno



Kwa Dominika tatu hapa Mbeya, maneno ya nyimbo yalionekana kwenye kioo cha televisheni ya kanisani yakiwa yamekatwa pembeni. Tukamkemea kijana anayeyaandika, mbele za watu. Juma hili mgeni kutoka Iringa alitazama kompyuta: maneno yalikuwa kamili. Televisheni ndiyo iliyoikuza picha na kumeza kingo zake, tabia iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani za chogo. Alibadili mpangilio mmoja kwa rimoti, kila herufi ikarudi.

Tumemwomba kijana msamaha mbele ya wale wale. Je, ni mara ngapi twamhukumu jirani kwa kilichokatwa na macho yetu wenyewe? Kabla ya kumkemea mtu, tukague kwanza kioo chetu.