Usiguse mkia wa .html, anwani iko ukutani

Najua wengi mlitaka habari za boom na foleni ya mgahawani, lakini leo nivumilieni, naongea kompyuta. Nyie wa kozi nyingine msikimbie, nitakwenda polepole.

Nyumbani Chato kuna kikundi cha wakulima wa pamba ambao wana tovuti yao ndogo. Kurasa nne tu, html ya kawaida kabisa. Unaofunguliwa kuliko zote unaitwa bei.html, maana hapo ndipo mtu anaangalia bei ya kilo kabla hajafunga gunia kwenye baiskeli. Anwani yake wameichora kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa ghala, herufi kubwa, na hiyo .html yake mwishoni. Likizo iliyopita katibu wao akaniambia, "Mdogo wangu, kila bei ikibadilika mpaka nimsake kijana wa Mwanza aje aandike upya. Siwezi kubadilisha mwenyewe kwa simu?"

Anaweza. Katibu anajaza bei kwenye fomu yenye neno la siri, bei inahifadhiwa kwenye faili dogo la maandishi, halafu mstari mmoja wa PHP ndani ya ukurasa unaichota:

<?php readfile('bei.txt'); ?>

Shida ni moja. Seva ya Apache haipekui faili lako kujua ndani kuna nini, inaangalia mkia baada ya nukta. Ikiona .html inatuma kama ilivyo. Ikiona .php inampa PHP alisome kwanza, ndipo inatuma majibu. Kwa hiyo ushauri utakaopewa na wengi ni kwamba ubadilishe jina liwe bei.php. Na hapo ndipo noma inapoanza jamani! Ukuta huwezi kuubadilisha jina kwa kubofya. Mzee anasoma ukutani, mjukuu anaandika kwenye simu, inakuja 404. Hawezi kujua kwamba ni mkia tu. Atadhani kikundi kimekufa, na pamba atampa mchuuzi wa njiani kwa bei ya kuambiwa.

Kumbe huo mkia ni makubaliano tu, na makubaliano yanabadilishika. Kwenye folda ya tovuti unaweka faili linaloitwa .htaccess, ndani unaandika:

AddType application/x-httpd-php .html

Huu ndio mstari wa zamani ambao wengi tumeurithi. Unafanya kazi pale PHP inapoendeshwa kama moduli ya Apache, lakini una mambo matatu. Kwanza, kila .html itapita kwa PHP hata isiyo na kitu cha kusomwa, seva inahangaika bure. Dawa yake ni kutaja ukurasa mmoja tu:

<Files "bei.html">
SetHandler application/x-httpd-php
</Files>

Pili, kama seva yako inaendesha PHP kwa njia ya FPM, kuna ulinzi unaoitwa security.limit_extensions ambao kwa kawaida haukubali .html, mpaka mwenye seva auruhusu. Tatu, na hili ndilo baya zaidi: seva isipolijua jina ulilotaja, inaweza kumtumia msomaji faili lenyewe alipakue, na msimbo wako wote ndani. Kama humo uliandika neno la siri la katibu, umeligawa kwa dunia nzima. Kwa hiyo maneno ya siri yakae nje ya folda inayoonekana na watu, siku zote.

Njia ninayoipenda mimi ni nyingine. Skripti iitwe bei.php kama kawaida, halafu seva iambiwe kimyakimya:

RewriteEngine On
RewriteRule ^bei\.html$ bei.php [L]

Msomaji anaomba bei.html, anapewa kazi ya bei.php, na juu kwenye brauza anaona anwani ileile ya ukutani. Ukiihama PHP kesho, unabadilisha mstari huu mmoja tu. Cha kuuliza kwanza ni kama mwenye seva ameruhusu .htaccess na mod_rewrite, maana kwenye Apache za siku hizi AllowOverride ikiachwa bila kuguswa imefungwa.

Wazo lenyewe si langu. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na akashauri mkia usiwepo kabisa kwenye anwani, kwa sababu ni habari za fundi. Sisi wa Chato hili tunalielewa bila kufundishwa. Mwaka 2012 tulitolewa mkoa wa Kagera tukawekwa mkoa mpya wa Geita. Ofisi zikabadilisha mihuri, lakini mvuvi wa Muganza hakuhamisha mtumbwi wake, na aliyezoea kwenda kununua dagaa alipita njia ileile.

Kwa hiyo washikaji mnaotengeneza tovuti za shule, za kwaya, za vikundi vya nyumbani: kabla ya kubadilisha jina la faili, jiulize nani ameshaliandika wapi. Kwenye barua, kwenye fulana, kwenye ukuta. Vurugu zote zibaki kwako na seva, mtu wa ukutani asijue kitu.

Nawasilisha. Tukutane baada ya UE, tukipona.