Tafakari ya Juma: Je, Mkristo Acheze Karata?



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa ukurasa huu, juma hili naleta jambo ambalo baadhi yenu mmekuwa mkinisubiri nilisemee. Tangu mwanzo wa mwaka, vijana wetu wa Misa ya Kiswahili wamejijengea desturi ya kubaki ukumbini baada ya katekesi, wakiketi wawili wawili na karata mezani. Karata zenyewe si zile za kopa na shupaza tulizozizoea. Zina picha za majoka, mazimwi, mashujaa na wachawi, na mchezo wao unaitwa Magic: The Gathering. Baadhi ya wazazi wameniuliza kama huo ni uchawi. Wengine wameniuliza kama ni kamari. Baba mmoja aliniomba niupige marufuku kutoka mimbarini, mbele ya wote, ili mambo yaishe.

Mama mmoja alikuja na swali zito zaidi. Mwanawe ana miaka 17 na hufanya kazi jikoni katika mkahawa kila mwisho wa juma. Katika mshahara ule mdogo, familia ilikubaliana kwamba sehemu iende kwa bibi aliyebaki kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mwezi ule mchango wa kijana ulipungua dola 60, na ndani ya begi lake la shule mama akakuta pakiti tupu za karata. “Padre,” aliniambia, “bibi yake hali makaratasi.” Naandika haya kwa idhini ya mama na ya kijana mwenyewe.

Niliwaomba wazazi wanipe mwezi mmoja. Kuuliza si ujinga, na hukumu inayotolewa kabla ya kusikiliza si hukumu ya haki. Nikamwomba kijana yule yule anifundishe. Alinifundisha kwa Jumamosi tatu, kwa uvumilivu ambao makatekista wengine wangeuonea wivu. Kisha, Ijumaa moja jioni, tukaenda pamoja kwenye mashindano katika duka la michezo hapa mjini kwetu. Nilivaa kola yangu ya upadre kama kawaida, nikalipa kiingilio kama wengine, nikapewa namba ya meza.

Niwaeleze kwa ufupi mchezo ulivyo. Uliundwa na Mmarekani Richard Garfield, msomi wa hisabati, ukatolewa mwaka 1993. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai, na hushika karata saba mkononi. Kila zamu huongeza karata moja. Karata nyingine ni ardhi, na hizo ndizo zinazompa nguvu ya kutumia nyingine zote. Karata nyingine ni viumbe vinavyoshambulia na kukinga. Aliyemaliza uhai wa mwenzake ndiye mshindi. Mkono wa kwanza usipokuridhisha unaweza kuukataa na kuchukua mwingine, lakini kila ukikataa utaanza na karata moja pungufu.

Kwa kawaida mchezaji huja na seti yake ya karata zisizopungua 60 aliyojikusanyia, na hapo mwenye fedha humpita asiye nazo. Ndiyo maana nilichagua mashindano ya namna nyingine, ambayo kila mmoja hupewa pakiti sita zilizofungwa, akazifungua pale pale, na kutoka humo akajenga seti ya karata 40. Tajiri na maskini hufungua idadi ile ile. Tulikuwa wachezaji 23, nami bila shaka nilikuwa mwenye mvi nyingi kuliko wote.

Nilivutiwa na utaratibu. Hakuna anayeondolewa akishindwa. Wote hucheza raundi zote, na katika kila raundi hukutanishwa wenye pointi zinazokaribiana. Kila mmoja huchanga karata zake mbele ya mpinzani, kisha mpinzani naye hupewa nafasi ya kuzichanga au kuzikata. Kanuni zinakataza kuwekeana dau juu ya matokeo. Zinakataza kumpa mwenzako zawadi ili akuachie ushindi. Zinakataza hata kuamua mshindi kwa kurusha sarafu. Naomba wale mliouliza kuhusu kamari mliweke hilo akilini.

Raundi ya kwanza nilishindwa upesi. Raundi ya pili, kwa kuwa idadi yetu haikugawanyika kwa mbili, sikupata mpinzani, na kwa kanuni aliyekosa mpinzani huhesabiwa kuwa ameshinda. Raundi ya tatu nikakutana na kijana wa miaka kama 20 hivi, mwenye nywele ndefu na fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa. Kama mmoja wenu angemwona, angefanya ishara ya msalaba.

Tulishinda mchezo mmoja mmoja, tukabaki na wa tatu wa kuamua. Mimi nilikuwa nimebakiwa na pointi nne. Kiumbe changu pekee, chenye mabawa, kilikuwa kimeshambulia katika zamu yangu, hivyo hakikuweza kunikinga. Yeye akashambulia kwa viumbe viwili, kimoja cha nguvu tatu na kingine cha nguvu mbili. Tano dhidi ya nne. Waliosimama nyuma yetu walianza kuondoka, nami nilikuwa nikiinua mkono kumpongeza.

Akanizuia. “Subiri kidogo,” alisema. Akaonyesha kiumbe kidogo cha nguvu mbili. “Hiki nimekiweka mezani zamu hii hii. Hakiruhusiwi kushambulia bado.” Hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo: si mimi, si watazamaji. Akamwita mwamuzi yeye mwenyewe, akajishtaki yeye mwenyewe. Mwamuzi akarudisha kiumbe kile mahali pake. Nikapigwa tatu badala ya tano, nikabaki na pointi moja. Zamu iliyofuata kiumbe changu chenye mabawa kikammaliza. Kwa kushindwa huko akakosa nafasi ya kupata zawadi.

Tulipopeana mikono nilimwuliza kwa nini hakunyamaza. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: “Kama ningenyamaza, ningeandikiwa ushindi, lakini nisingekuwa nimekushinda.” Nikamwuliza kama anasali mahali fulani. Akasema hapana, kwao hawana dini. Raundi ya nne nilishindwa tena. Hivyo basi, nilirudi nyumbani na ushindi wa aina mbili: mmoja niliupata bila mpinzani, na wa pili nilipewa na ukweli wa mpinzani.

Ndugu zangu, usiku ule nilifungua tena sura ya pili ya Waraka kwa Warumi, mahali Mtume Paulo anapofundisha kwamba watu wasio na Sheria huweza kutenda yaliyo ya Sheria, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Tumelisoma neno hilo mara nyingi. Mimi nilikuwa nimeketi nalo meza moja, limevaa fulana yenye fuvu. Na katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya pili, Mtume huyo huyo anakumbusha kwamba mshindani hapati taji asipofuata kanuni za mashindano. Wangapi kati yetu tuliobatizwa hunyamaza pale ambapo hakuna aliyeona? Mhasibu anapokosea kwa faida yetu? Mwenye duka anaporudisha chenji iliyozidi?

Sasa nirudi kwenye maswali yenu.

Kwanza, je, ni uchawi? Kanisa linakataza kabisa uchawi na uaguzi. Someni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2115 hadi 2117. Mwenye kupanga karata ili kutabiri mambo yajayo anavunja amri ya kwanza, hata akisema ni mzaha. Lakini katika mchezo huu hakuna anayeombwa, hakuna anayeabudiwa, hakuna kinachotabiriwa. Sisi tulilelewa kwa hadithi za mazimwi wala watu, na hakuna bibi aliyehukumiwa kuwa mchawi kwa kuzisimulia. Hata hivyo, kama picha fulani inamsumbua mtoto au mzazi dhamiri, iachwe. Upendo haulazimishi jirani kutazama kinachomkwaza.

Pili, je, ni dhambi kucheza karata? Historia ya Kanisa haina jibu jepesi. Katika karne ya 15, Mtakatifu Bernardino wa Siena alihubiri kwa ukali dhidi ya karata na kamari, na watu wakazitupa motoni. Mapokeo yanasimulia kwamba fundi wa kuchora karata alimwendea akilalamika kuwa amepoteza riziki yake, naye Bernardino akamwelekeza achore Jina Takatifu la Yesu badala yake. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha mwaka 1609 juu ya maisha ya ibada, aliikataa michezo ambayo ushindi wake hutegemea bahati, akairuhusu ile inayotegemea akili, mradi isile muda mwingi.

Kwa upande mwingine, Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kuna fadhila hata katika kucheza. Anasimulia habari za Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika walipomkuta akicheza na wafuasi wake. Yohane akamwuliza mmoja wao, aliyekuwa na upinde, kama angeweza kupiga mishale mfululizo bila kupumzika. Akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na roho ya mwanadamu, akasema Yohane. Lakini Tomaso anaweka mipaka mitatu: mchezo usiwe na machafu wala madhara, usituondolee utulivu wa akili, na uendane na mtu, wakati na mahali. Seminarini tulicheza bao na drafti saa za mapumziko, na kengele ilipolia tuliacha kete zilipo. Kengele ile ilikuwa sehemu ya malezi.

Tatu, je, ni kamari? Hapa namrudia yule mama, kwa sababu yeye aliona mbali kuliko wengi wetu. Mashindano yenyewe si kamari. Lakini pakiti iliyofungwa ni jambo jingine. Mtoto hajui kilichomo. Analipa akitumaini karata adimu, anapata za kawaida, analipa tena. Na tumaini hilo lina bei ya kutisha: mwaka 2021 karata moja iitwayo Black Lotus, ya toleo la mwaka 1993, iliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000. Kijana akisikia habari hiyo hawazi tena mchezo, anawaza utajiri. Katekisimu, namba 2413, inatufundisha kwamba michezo ya bahati si kinyume cha haki kwa yenyewe, bali huwa haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kwamba tamaa yake huweza kuwa utumwa. Angalieni vizuri: mizani haipo kwenye karata. Mizani ipo kwa yule wa pili, yule ambaye fedha ile ilikuwa yake. Katika habari hii ana jina la bibi, na anasubiri Nyarugusu.

Nilimsomea kijana namba hiyo tukiwa garini. Hakunijibu mpaka tulipofika kwao. Juma lililofuata aliuza karata zake mbili, mchango ukatumwa kamili pamoja na ule uliopungua. Mama yake bado hazipendi picha zile, nami sikumwomba azipende. Wamekubaliana hivi: fedha ya bibi hutoka kwanza, siku ya mshahara, pakiti za kununua ovyo hakuna tena, na mashindano ni mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo sitaupiga marufuku mchezo huu ukumbini. Ninaomba mambo manne. Wazazi, ketini na watoto wenu walau saa moja, waulizeni wanacheza nini, na mwacheni mtoto awe mwalimu. Vijana, mkiingia dukani jiulizeni kwanza: fedha hii ni ya nani? Wote tukumbuke kwamba kengele ya Misa, ya masomo na ya usingizi ikilia, karata zinabaki zilipo. Na mezani, mmoja wenu akiona kosa linalompa faida, aseme.

Katika sala zetu za juma hili, tumkumbuke yule kijana asiye na dini aliyenifundisha somo la haki. Bwana, aliyeandika sheria yake moyoni mwake, amjalie siku moja kumfahamu aliyeiandika. Nasi tulioijua kwa jina tangu ubatizo, atujalie kuitii hata pale ambapo hakuna mwamuzi.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu